Kifungo na Majoho Ishirini na Manne

Siku tulipomzika baba mdogo, wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la saba, akajifunza ushonaji, akaoa, akawa mzee wa kanisa, akaugua, Bwana akamwita. Yote ni kweli, na mimi ndiye niliyeyaandika, haraka haraka, karatasi ikilowa machozi. Lakini watu walipotawanyika nilihisi nimemwandika mtu mwingine. Kwa hiyo naandika tena, safari hii bila haraka, habari za wiki moja tu ya maisha yake: wiki aliyomfundisha mtoto wa mbwa adabu ya choo.

Nilikuwa kidato cha pili, nikiishi kwake. Tulikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na waya ulivuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta, wa kutundikia nguo zilizokwisha. Mama mdogo, mkewe, alikuwa mfanyakazi wa usafi katika zahanati. Yeye alitoka alfajiri, mimi nikaenda shule, baba mdogo akabaki peke yake.

"Cherehani inaongea kutwa," alikuwa akisema, "lakini haisikilizi."

Basi mteja mmoja alipohama mji, akamwachia mtoto wa mbwa. Mweusi, mviringo, mdogo wa kutosha mfukoni. Baba mdogo akamwita Kifungo. Tangu siku hiyo nikirudi kutoka shule nilimsikia fundi wetu akisimulia na kucheka kabla sijafika mlangoni.

Tatizo ni kwamba Kifungo alikojoa. Alikojoa chini ya meza, alikojoa kando ya cherehani, alikojolea kandambili za mama mdogo, na siku ya tatu akakojolea suruali ya mwalimu mkuu iliyokuwa ikisubiri pindo.

"Msugue pua kwenye mkojo wake," alishauri jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma. "Siku mbili tu, atakoma."

"Wewe ulipokuwa mtoto ulisuguliwa pua?"

"Nilichapwa."

"Ndiyo maana mpaka leo mageti yako yamepinda."

Mama mdogo hakucheka. Jumapili jioni alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Fundi, mimi nadeki zahanati kutwa nzima. Sikuolewa ili nije kudeki zamu ya pili."

"Mheshimiwa," alisema, ndivyo alivyomwita mkewe, "ni mtoto huyu."

"Mtoto ana nepi. Jumamosi mwalimu wa kwaya anafuata majoho yake ishirini na manne, meupe pe. Sitaki aibu kanisani. Jumamosi mbwa anaondoka."

"Na akijifunza je?"

"Hatajifunza."

Baba mdogo aliinamia cherehani yake akatunga uzi mara tatu bila kulipata tundu. Mtu wa kutunga uzi gizani, yule. Nikajua imemwingia.

Kilichomwokoa Kifungo kilitoka kwa mama mdogo mwenyewe, tena bila kukusudia. Jumatatu jioni alitaka tambara la kupangusia dirisha, akaingiza mkono katika gunia lililokaa chini ya meza ya kukatia. Baba mdogo hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Mabaki yote aliyatia humo, ya kujazia mito. Kifungo akikojoa, fundi alivuta kipande guniani, akapangusa, akakisuuza kwa maji matupu, akakianika, na kikikauka akakirudisha palepale. Akajiona msafi na mwangalifu.

Mama mdogo alikisogeza kipande puani, akakiondoa upesi.

"Fundi, njoo unuse hapa."

"Sisikii harufu yoyote."

"Kwa sababu wewe si mbwa. Mimi harufu ndiyo kazi yangu." Akalivuta gunia lote katikati ya chumba. "Kumbe mnyama wa watu hana kosa! Umemwekea choo chini ya meza, halafu unamgombeza akikitumia!"

Baba mdogo alitazama gunia, akamtazama Kifungo, akacheka mpaka akavua miwani. Mama mdogo aliuma midomo ili asimfuate. "Jumamosi iko palepale," akasema.

Gunia lilifuliwa kwa sabuni, sakafu ikasuguliwa kwa sabuni na siki mpaka chini ya meza. Kipande kimoja tu hakikufuliwa. Baba mdogo alikipeleka nyuma ya nyumba, karibu na ua, akakiwekea jiwe juu kisipeperuke. Ndicho kilichokuwa kibao cha kuonyesha njia.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa ratiba ya kibofu. Kifungo akiamka, nje. Akila, nje. Akianza kuzungukazunguka huku ananusa sakafu, nje mbio. Baba mdogo aliacha mshono katikati, sindano imezama kitambaani, wateja wakibaki kwenye benchi wakitazamana. Alimfunga utepe wa pindo shingoni, akamwongoza mpaka kwenye jiwe, akasimama pale kwa subira ya mtu anayesubiri zamu ya kutubu. Kifungo akifanikiwa, fundi alipiga makofi, "Bwana asifiwe!" Naye mchomeleaji, upande wa pili wa ukuta, alijibu "Amina!" bila kujua anaitikia nini.

Jumanne jioni jirani huyo akachungulia juu ya ukuta. "Fundi, umeanza kufunga na kuomba? Mara nane kwa siku!"

"Namshukuru Mungu kwa mambo madogo, jirani."

Jumatano iliharibika. Baba mdogo alikuwa anapiga pasi, hakumwona Kifungo, dimbwi likatokea kando ya mlango. Alilipangusa vizuri, kwa sabuni, wala hakuna ambaye angejua. Lakini mama mdogo alipoingia tu, hata mkoba hajauweka, fundi alimwambia: "Mheshimiwa, leo moja." Ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kubeba siri hata ya mbwa.

Jumamosi mwalimu wa kwaya akaja. Majoho yakatandazwa juu ya mkeka ayakague moja moja, na lake mwenyewe likamkataa tumboni. Baba mdogo akapiga magoti kulilegeza, pini tano mdomoni, mikono yote miwili imeshika kitambaa. Hapo ndipo Kifungo alipoamka. Akajinyoosha, akaja mkekani, akapita katikati ya ule weupe wote, pua chini. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili.

"Mmm! Mmmm!" Baba mdogo hakuweza kusema zaidi ya hapo.

Mimi nilikuwa mbali, nimebeba chai. Nikamwomba Mungu kimyakimya, na sioni haya kulisema.

Kifungo akainua kichwa. Akauacha mkeka, akatembea mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaukwaruza kwa kucha, akalia kidogo, akageuka kututazama kama mtu aliyekuta ofisi imefungwa saa za kazi.

Aliyekuwa karibu na mlango ni mama mdogo, siku hiyo hana zamu. Alitupa ufagio, akaufungua mlango kwa nguvu, akatoka mbio nyuma ya mbwa huku akisema, "Haya baba, twende, jikaze, hapohapo, kwenye jiwe!"

Walirudi baada ya muda, Kifungo kwapani mwake. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekwisha kuondoka na majoho yake. Baba mdogo alikuwa amezitema pini, anazipanga moja moja wala hainui macho.

"Mheshimiwa, leo ni Jumamosi," akasema taratibu.

"Najua."

"Ulisema anaondoka Jumamosi."

"Nilisema. Sikusema Jumamosi ipi."

Ni miaka tisa sasa, na Jumamosi hiyo haijafika. Mungu amlaze pema fundi wetu.