Ametafuta magari ya wageni miaka 21, sasa mkewe anataka likizo bila gari

Saa tisa na robo alasiri, mvua ya radi imeshuka katika mji wa Kissimmee kama ilivyoshuka jana na juzi, na watu wanatoka mbio kwenye geti la bustani ya burudani wakiwa wamejifunika mifuko ya nailoni. Wote wanakimbilia magari yao. Wengi hawajui magari hayo yako wapi.

Katikati ya maegesho, baba mmoja aliyelowa hadi soksi ameinua ufunguo juu ya kichwa. Anabonyeza kitufe huku akigeuka polepole, kama mtu anayetafuta mtandao. Mkewe na watoto watatu wamesimama nyuma yake. Hakuna gari linaloitika.

Kigari cha umeme chenye paa la turubai kinasimama kando yao. Anayekiendesha ni Eliezer Maldonado, miaka 58, koti la njano mwilini na kalamu sikioni.

"Poleni. Mlifika saa ngapi?"

"Gari ni jeupe," anasema yule baba.

"La kijivu," anasema mkewe.

"Tumelikodi uwanja wa ndege, bwana. Tuna siku mbili nalo tu."

"Rangi iache," anasema Eliezer. "Niambie saa."

"Unataka saa ya kabla hatujagombana au ya baada?" anauliza yule mama.

"Ya kuzima injini, mama."

"Saa nne kasorobo. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia, tungepanda basi la hoteli tungekuwa tumeshaingia."

Eliezer anatoa kadi mfukoni, anapitisha kidole juu yake, anawapakia wote watano. Dakika nne baadaye wako sehemu ya Korongo, safu ya 22, mbele ya gari lao. Ni la bluu.

Siri ya kazi yake ni hiyo kadi. Maegesho yana nafasi 11,000, na sehemu zake zina majina ya ndege: Korongo, Mwari, Heroe, Kanga. Wageni hawayakumbuki. Mtoto atasema ni ndege mwenye miguu mirefu, na kati ya hao wanne wawili wana miguu mirefu. Lakini asubuhi wahudumu hujaza safu moja baada ya nyingine bila kuruka, na Eliezer huandika dakika ambayo kila safu imejaa. Ukimpa saa, anakupa gari.

"Siku ya kawaida napata magari arobaini. Siku ya mvua hata sabini," anasema. "Kabla ya kila moja naomba kidogo. Mungu anajua lilipo, mimi nasoma kadi tu."

Kwa kazi hiyo analipwa dola 19 kwa saa. Amesimama juani miaka 21, radi zimepiga karibu yake, na kila Septemba hula wadudu weusi wanaoruka wawili wawili na kujaa hadi kwenye meno. Hajawahi kulalamika, asema mwenyewe. Mkewe anasema amelalamika kila siku, ila kwa furaha.

Yule mama wa gari la bluu hajaondoka. Ameshusha kioo.

"Kaka, wewe uko hapa kila siku. Sema kweli mbele ya huyu. Mtu akija likizo kwenye hizi hoteli za bustani, anahitaji gari au hahitaji?"

Baba anazima redio.

Kwa miaka 21 Eliezer amejibu swali hilo kabla halijaisha: chukueni gari, basi litawachelewesha. Leo anakohoa. Anatazama mawingu.

"Nitakujibu kesho," anasema.

"Kesho tunaondoka."

"Basi niombeeni."

Darlène Estimé, dereva wa treni ndogo ya matairi inayobeba wageni hadi getini, amesikia yote. Anacheka hadi anaegemea usukani. "Kaka Eli ana karatasi mfukoni inamchoma," anasema. "Muulizeni habari za Machi."

Habari za Machi anazijua kila mfanyakazi wa maegesho hayo.

Mwezi huo Eliezer na mkewe Migdalia walitimiza miaka thelathini ya ndoa. Migdalia anapika katika shule moja ya msingi, na ndiye aliyepanga siku tatu kwenye hoteli ya bustani, usiku tatu, yeye na mumewe na mama yake, Doña Providencia, miaka 81. Hata kwa punguzo la wafanyakazi, ilimchukua miaka miwili kulipia. Alitaka jambo moja. Katika miaka 21 Eliezer hakuwahi kuvuka geti la bustani. Tiketi zake za bure alizigawa kanisani kila mwaka. Migdalia alitaka wavuke pamoja, wameshikana mikono, wapigwe picha.

Hoteli ina mabasi yake, ya bure, yanayowashusha watu mlangoni pa bustani. Migdalia alisema waache gari nyumbani. Eliezer alikataa kabisa.

"Nilikuwa na sababu," anasema, akizihesabu kwa vidole. "Magoti ya mama mkwe. Mvua. Ibada ya Jumatano. Na sufuria."

Sufuria ni ya Doña Providencia, ya alumini nzito, ametoka nayo Puerto Rico akiwa bibi harusi. Hali wali uliopikwa na watu asiowajua. Sufuria hiyo haiingii kwenye basi la wageni bila kuulizwa maswali.

Basi wakaenda na gari, sufuria mapajani mwa bibi.

Asubuhi ya kwanza wakaegesha. Hapo tayari Eliezer na mkewe walikuwa wakibishana, kwa kuwa Eliezer alitaka nafasi ya pembeni inayotazama njia ya kutokea, na mhudumu aliyekuwa zamu alimwelekeza kwingine kama mgeni yeyote. Walipokuwa wakitembea kuelekea getini, Eliezer akamwona mwanamume anazunguka na ufunguo mkononi. Mtu huyo alikuwa amesahau tiketi garini.

"Nikamwambia Mida, dakika mbili tu," anasema.

"Aliniambia dakika mbili," anasema Migdalia. "Nikasimama. Nimevaa gauni jipya. Baada ya yule akaja mama aliyesahau maziwa ya mtoto. Halafu mzee wa miwani. Nilikuwa namwona kwa mbali anakimbia kati ya magari kama mbwa aliyefunguliwa."

Saa tano na nusu Migdalia aliingia na mama yake.

Eliezer alifika getini mikono mitupu. Tiketi yake ilikuwa kwenye mkoba wa mkewe. Simu yake ilikuwa garini. Akageuka kwenda kuichukua, akatembea hatua hamsini, akasimama.

Hakujua gari lake liko wapi.

"Nilimkuta amekaa ukingoni mwa njia," anasimulia Darlène. "Nikamuuliza, mzee, umefika saa ngapi? Miaka 21 anauliza watu swali hilo. Siku hiyo saa ya kwake mwenyewe hakuijua."

"Nilikuwa nabishana," anasema Eliezer kwa upole. "Mtu anayebishana hatazami saa."

Wenzake walimpakia kiti cha nyuma cha kigari chake mwenyewe, wakamzungusha. Walimpa maji. Mmoja alimsomea maneno ya kuwatuliza wageni, yale aliyoyaandika Eliezer mwenyewe. Hawakulipata gari.

Saa kumi Migdalia na mama yake wakatoka, vichwani wamevaa kofia za mamba. Doña Providencia alisikiliza maelezo yote, akafungua mkoba, akatoa kikopo cha vidonge vya presha.

"Mimi najua saa," alisema. "Nilimeza kidonge wakati unazima gari. Lakini kwanza muombe radhi binti yangu."

Akaomba radhi, mbele ya wenzake sita waliovaa sare. Ndipo bibi akasema: saa tatu na dakika kumi. Kadi ya siku hiyo ikajibu: Korongo, safu ya 14. Walilipata kwa dakika mbili.

Kisha mvua ikaanza. Siku mbili zilizobaki zikaisha chumbani, Migdalia akizungumza na mumewe kupitia kwa mama yake. Picha ya miaka thelathini ya ndoa ipo sebuleni kwao hadi leo: Migdalia, mama yake, na mamba wa plastiki.

Sasa amelipia tena. Usiku mbili, Oktoba. Karatasi iliyo mfukoni mwa Eliezer imetoka hotelini na inatakiwa kesho asubuhi. Ina swali moja la maana: mtakuja na gari? Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.

"Sitamlazimisha," Migdalia amemwambia mwandishi kwa simu. "Mara ya kwanza nilijaribu kumlazimisha kwa maneno. Mara hii nimefunga siku tatu na kuomba. Nimemwambia Mungu, nirudishie mume wangu kutoka maegesho. Akiweka ndiyo, nitakwenda na mama peke yetu. Nimeshazoea."

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane jioni, Eliezer anaegesha uani kwake, mwandishi akiwa kando yake. Anatoa kalamu na kuandika 12:18 kwenye kiganja. Uani hapo pana gari moja tu, lake. Amefanya hivyo kila siku tangu Machi.

Ndani kunanukia wali wa mbaazi. Doña Providencia yuko jikoni, kitambaa kichwani, anakwangua ukoko wa chini ya sufuria, ambao katika nyumba hii hugombewa.

"Mkwe wangu, umeleta mgeni na hujanawa mikono," anasema. "Umeandika nini hapo?"

"Saa, Mama."

"Nyumba haijahama. Kaa ule."

Wanaomba, Migdalia akiongoza, na sala ni ndefu kuliko kawaida. Eliezer anaitoa karatasi na kuiweka kando ya sahani yake. Hakuna anayeitazama. Wote wanaitazama.

"Kuna magoti yako, Mama," anaanza.

"Magoti yangu yamepanda basi tangu kabla hujazaliwa."

"Na mvua, na ibada ya Jumatano, Mida."

"Basi lina paa. Na nimeshaongea na mchungaji," anasema Migdalia bila kuinua uso. "Amesema tutaomba kwenye baraza la hoteli. Amesema Mungu anapanda hata basi."

"Amesema hivyo?"

"Mpigie."

"Na kutoka hapa hadi hotelini?"

"Darlène anapita hapa kila siku akienda kazini. Atatuchukua. Amesema atafanya bure, kwa furaha ya kukuona umekaa nyuma."

Eliezer anaendelea kula. Kidole cha sababu kimebaki kimoja, na anakitazama.

"Sufuria," anasema hatimaye, taratibu.

Migdalia anaweka uma chini. Hili hajalipatia dawa. Doña Providencia anainuka, anaumwaga ukoko wote kwenye sahani ya mkwe wake, jambo ambalo, kwa maelezo ya familia, halijawahi kutokea. Kisha anaiosha sufuria, anaikausha kwa kitambaa ndani na nje, na kuiweka katikati ya meza, juu ya karatasi ya hoteli, kifuniko wazi.

"Sikilizeni," anasema. "Siku ya kuondoka, ufunguo wa gari unalala humu. Nafunika. Na sufuria inabaki hapa juu ya jiko."

"Na wali, Mama?" anauliza Migdalia.

"Nitakula wa watu."

Eliezer amemfahamu mama huyu miaka thelathini na mbili. Ameona akipeleka sufuria hospitalini alikozaliwa mjukuu wake. Ameona akiishikilia kwenye ndege.

"Usiku mbili?" anauliza.

"Usiku mbili. Usinifanye nirudie, nitabadili mawazo."

Eliezer anainua sufuria kwa mikono miwili, kwa heshima, na kuchomoa karatasi. Ina alama ya duara la sufuria. Anatoa kalamu sikioni. Anafumba macho kidogo, kama anavyofanya kabla ya kusoma kadi yake, kisha anatia alama kwenye kisanduku cha hapana.

Migdalia anaitazama ile alama muda mrefu. Kisha anachukua kijiko na kula ukoko kwenye sahani ya mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Mpango wao uko tayari. Jumanne ya pili ya Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, watapanda basi la hoteli. Gauni ni lile lile. Tiketi zote tatu zitakaa kwenye mkoba wa bibi, karibu na vidonge. Eliezer anasema ameambiwa pale getini kuna mpiga picha upande wa kushoto, na amekuwa akijifunza kutabasamu bila kukunja uso, kwani jua limemzoesha vibaya.

Kuna jambo moja tu linalomsumbua. Basi hilo, kabla ya kufika mlangoni, hupita kando ya maegesho yote, Kanga hadi Korongo, polepole, na asubuhi hukosi mtu anayezunguka na ufunguo mkononi.

"Nitafumba macho niombe," anasema Eliezer.

"Ataomba," anasema Migdalia. "Na dirishani nitakaa mimi."