Takataka Niliyoifuta Nyuma ya Picha

Hapa Kolwezi mi ndiye mfalme wa kupamba picha za zamani. Ulizeni mdomo wangu. Mama Kapinga aliniletea picha moja tu waliyobaki nayo, yeye na ndugu zake, ya mzazi wao marehemu, iliyopigwa stesheni miaka ile watu wa Kasai kama wao walipofukuzwa huku Katanga, kabla hawajarudi. Akataka kunionyesha kitu pichani kwa kidole. Nikamkatiza: “Mama, mi ni fundi.”

Mbele alisimama bwana aliyevaa tai. Nyuma yake watu wamekalia mabunda ya mizigo, wakingoja treni. Kwenye kompyuta nikafuta takataka yote ile, nikaweka maua ya waridi.

Siku ya matanga fremu ikafunuliwa mbele ya ukoo mzima. Nikajisogeza, nikingoja sifa.

“Tata,” Mama Kapinga akaniita kwa heshima, akasema polepole, “huyu mwanaume hatumujue. Mama yetu alikuwaka nyuma yake, juu ya mabunda.”