Kipara cha Kiwanja cha Wilf

Enid Openshaw alifundisha darasa la kwanza mpaka mvi zikamjaa kichwani, na alipostaafu ualimu hakuistaafisha kalamu yake nyekundu. Mji mzima wa Ramsbottom uliijua. Muuza nyama akibandika tangazo la "Soseji Safi za Nguruwe", Enid alisimama papo hapo dukani.

"Nguruwe ni nani hata apewe herufi kubwa? Ana ubini?"

Kwake mambo yalikuwa wazi. Mto ni mto tu, herufi ndogo, mpaka uuite Irwell. Mji ni mji tu mpaka uuite Bury. Kubwa ni ya jina, basi, na asiyetaka akalalamike mbele.

Shida ilizuka kwenye klabu ya wazee, wanakobingirisha mipira ya mbao kwenye nyasi zilizonyolewa kama zulia. Wilf Entwistle, mtunza kiwanja, aliweka kibao: "Tafadhali Msikanyage Nyasi." Enid akazikata kwa kalamu nyekundu zile herufi kubwa zisizostahili. Wilf akaandika kingine. Enid akakisahihisha nacho. Cha tatu hakikuandikwa. Wilf alimkabidhi Mavis, mwenyekiti, ufunguo wa banda la mashine ya kukatia nyasi, akaenda zake nyumbani, na mechi dhidi ya Bury ilikuwa Jumamosi.

Mvua ikanyesha, nyasi zikarefuka.

"Umetuponza, Enid," Mavis akamwambia. "Nenda kamwombe radhi."

"Radhi kwa kosa lake?"

"Kwa kiherehere chako!"

Enid akaenda, kichwa juu, keki ya tangawizi mkononi. Lakini aliogopa. Tangu azikwe mumewe, kile kiwanja ndicho pekee kilichombakizia watu wa kupiga nao soga, na sasa akifika walikuwa wanahama benchi.

Wilf alifungua mlango nusu. "Mwalimu. Umekuja kusahihisha mlango?"

"Nimekuja kukurudisha kazini."

"Zile nyasi nimezilea tangu nina nywele. Kwako ni kitu tu."

"Ni kitu tu, Wilf. Hazina jina." Akamsogezea keki. "Zipe jina, basi. Ukishazipa, herufi kubwa ni haki yako, na atakayeigusa atanitambua mimi ni nani."

Wilf akaichukua keki, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi mashine ikasikika ikinguruma. Enid alipofika, wanachama walikuwa wamekusanyika kwenye kona ya ukingoni, penye kipara ambapo nyasi zimegoma kuota miaka nenda miaka rudi. Katikati ya kipara pamechomekwa kibao kipya: "Tafadhali msimkanyage Enid."

Mavis alijiziba mdomo. Wengine wakatazama viatu vyao. Enid alisoma, akarudia kusoma, uso ukamwiva. Halafu cheko likamponyoka, kubwa, la kutoka tumboni, machozi yakamchuruzika mashavuni na wala hakuyafuta. Alifurahi, jamani. Mtu hataniwi na watu waliomtupa.

"Wilf!" akapaza sauti. "Enid ana kiu huku! Lete mpira wa maji!"

"Asubiri zamu yake!" Wilf akajibu, na huku bomba keshalifungua.