Mbuzi wa Mzee Efraimu

Mzee Efraimu wa Kirua Vunjo akikohoa, ndizi mbivu zilikuwa zinaanguka hadi kule Kahe. Anayebisha akawaulize watu wa Kahe, ndio waliokuwa wakiziokota. Lakini habari yangu si ya kikohozi. Ni ya binti yake Eunike, mwalimu wa shule ya vidudu, aliyetaka kitu kimoja tu hapa duniani: baba yake amwambie arudi nyumbani.

Eunike alizalia nyumbani, mwaka wa sitini na tisa, na dereva wa lori wa Tarakea ambaye alikuwa na mke wake tayari. Mzee Efraimu alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa lilimtenga binti miezi sita, kisha likampokea. Baba hakumpokea. Alikitoa kitanda cha binti nje akakipasua kuni, na tangu siku ile hakumtaja jina. Eunike akaja kwangu, mimi bibi jirani yao, na kichanga mgongoni, Elinipendo. Nikamwambia, "Chumba kipo, ila utalala na ndama wangu, naye anakoroma Kijerumani." Akacheka, halafu akalia.

Miaka minne baadaye kijiji kikafungua shule ya vidudu katika banda la zamani la kahawa, wakampa yeye. Vitu vya kuchezea havikuwepo, kwa hiyo watoto wenyewe wakawa vitu. Huyu mto, huyu mvua, wale watatu ng'ombe mmoja. Na Jumamosi wazazi walipokuja, hakuna aliyeruhusiwa kutazama tu. Ukikunja mikono pembeni unafanywa jiwe, na jiwe linakaliwa. Mimi nilikaliwa na watoto sita, mmoja nepi yake mbichi.

Jumamosi moja Mzee Efraimu alimleta mjukuu wake Ruth, mtoto wa mwanawe Eliezeri. Siku hiyo mchezo ulikuwa wa mbuzi aliyekula migomba michanga akafukuzwa. Elinipendo ndiye mbuzi. Eunike akauliza watoto nani awe mwenye shamba, nao wakamwonyesha mzee mwenye fimbo. Hawakujua lolote. Mzee akakaa kwenye kigoda, kwa sababu kukataa mbele za watu ni aibu.

"Mbuzi amefukuzwa," Eunike akasema. "Sasa afanye nini?"

"Apeleke isale," wakajibu wote.

Na mtoto gani wa mlima huu asiyelijua isale? Jani la kuombea radhi, linaota kwenye mipaka na makaburi yetu, na ukiletewa huwezi kulikataa hata kama umeuliwa ndugu. Mmoja akakimbia akachuma mpakani. Elinipendo akalishika kwa meno, akaenda kwa magoti na mikono mpaka miguuni kwa babu yake ambaye hakuwahi kumgusa.

Mzee akalipokea. Akaweka mkono kichwani kwa mtoto, akasema, "Nimesamehe. Rudi nyumbani, mbuzi wangu."

Eunike hakusubiri hata kula. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akamshika mtoto mkono, wakaenda. Nami nikafuata nyuma na mkeka wao. Tukamkuta mzee langoni.

"Shikamoo, Baba. Nimerudi. Isale umelipokea."

"Nimepokea la mbuzi."

"Jani lilikuwa jani kweli, Baba."

"Na mbuzi alikuwa mbuzi kweli? Mwalimu, mchezo wenu ulikwisha saa sita. Nenda salama."

Mwalimu, anamwita. Mtoto aliyemzaa.

Wazee walibishana wiki nzima. Wengine walisema isale la mchezo ni mchezo. Mimi nilisema jani halijui kuigiza. Mzee hakumsikiliza yeyote, lakini Jumamosi iliyofuata alifika bandani kabla ya watoto, akakaa kwenye kigoda kilekile, akangoja mbuzi wake.

Ikawa hivyo miaka miwili na zaidi. Kila Jumamosi jani, mkono kichwani, rudi nyumbani mbuzi wangu. Kisha njiani anawapita mama na mtoto kama anavyopita mibuni. Mama mmoja alilalamika, "Mwalimu, kila siku mbuzi tu? Hata fisi hatupati?" Eunike akajibu kwamba watoto wanaupenda. Jioni aliniambia, "Bibi, nikiuacha, atamgusa wapi?"

Mwaka wa sabini na sita Elinipendo akaingia darasa la kwanza, na Jumamosi wakawa wanapelekwa kwenye shamba la shule. Umbuzi akapewa Sirili, mtoto wa makamasi mengi. Akatambaa na jani lake vizuri tu. Mkono wa mzee haukutoka kwenye fimbo.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Yuko shule, Baba. Jioni anakuwepo tunapoishi. Ukimtaka, njia unaijua."

Jioni hiyo nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikamwona mzee nje ya ua wangu, ana kibuyu cha maziwa. Alisimama mpaka nikaona maziwa yataganda. Ndani, Elinipendo alikuwa anasoma herufi kwa sauti, naye mzee ameinamisha kichwa anasikiliza. Kimya kilinishinda. Mdomo wangu huu.

"Karibu, Mzee," nikasema.

"Napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Njia inaishia hapa kwangu."

Nilitaka acheke aingie. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mgonjwa, akageuka na kibuyu chake. Nimesema uongo mwingi maishani na mwingine ulisaidia watu. Siku hiyo nilisema kweli, ikamfukuza. Ningenyamaza, pengine angeingia.

Mwezi wa nne kichomi kilimchukua. Hawakumwita Eunike kumuuguza. Alisikia kengele ya kanisa akiwa katikati ya watoto wake.

Tulimzika kwenye kihamba, shamba la ukoo wao, mvua inanyesha. Eliezeri akawaita watoto wa marehemu waje watie udongo, mmoja mmoja kwa jina. Eunike alishasogeza mguu. Jina lake halikuitwa. Akaurudisha mguu mahali pake, akabaki nasi chini ya mgomba.

Elinipendo alimvuta kanga. "Mama, sisi hapa tunacheza kina nani?"

Eunike alimfuta mvua usoni.

"Majirani," akasema.

Zamu ya majirani ilipofika, tukaenda sote watatu tukatia udongo.