Jina la Mama Mkwe kwa Herufi za Kijapani

Kazi yangu ni kutoa watu damu. Hospitali iko Fort Worth, huku Texas, na kutwa nzima nasukuma kitoroli changu chumba hadi chumba nikiuliza jambo lile lile: nitajie jina lako kamili. Hata kama nilimtoa damu jana, hata kama asubuhi tulicheka pamoja, sindano haigusi ngozi mpaka jina litoke kinywani mwake mwenyewe. Huo ndio utaratibu, na mimi kwa utaratibu ni mkali. Wenzangu wananiita askari.

Sasa cheka: askari huyo huyo alikuwa hajawahi kutaja jina la binti yake wa kumzaa.

Si kwamba nilikuwa silijui. Nilimpa mimi. Alipozaliwa mume wangu alimtazama akasema huyu ni mama yangu, apewe jina lake, nami nikakubali kwa mikono miwili, maana mama mkwe wangu alinipokea nyumbani kwake Shinyanga kama mtoto wake. Ila kwetu jina la mkwe halitajwi. Si hadharani, si chumbani, si kwa hasira, si kwa mzaha. Ukilitaja umemvua nguo. Kwa hiyo mtoto aliyerithi jina hilo mimi nilimwita Bibi, na baba yake akamwita Mama, kwani nani anamwita mama yake kwa jina? Tulipohamia Mansfield, huku Marekani, tulikuja na midomo yetu vile vile. Kanisani wakasikia tunamwita Bibi, nao wakamwita Bibi. Mimi mwenyewe naitwa Mama Fulani kwa jina la kaka yake, kifungua mimba, kwa hiyo hata huko halikupata njia. Shuleni nikienda kumchukua, wakiniuliza nimemfuata nani, natoa kitambulisho chake nawaonyesha kwa kidole. Walidhani sijui Kiingereza. Wacha wadhani.

Na yeye ukimwita "Bibi!" utasikia kutoka ghorofani, "Yeah?" Nimemfundisha kuitika abee mpaka nimechoka. Kaka yake kidogo afadhali.

Basi mwaka huu akamaliza chuo kule Houston, akapata kazi ya kwenda kufundisha Kiingereza Japani. Tukashukuru, tukapika pilau, tukaalika watu. Wiki moja kabla ya safari akanipigia simu nikiwa natoka kazini.

"Mama, nimechagua jina la Kijapani."

"La nini?"

"La kutumia kule."

Akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama kawaida yake. Wajapani wana herufi za pembeni, maalumu kwa vitu vilivyotoka nje: kahawa, mkate, televisheni, na watu kama sisi. Jina la mgeni huandikwa kwa herufi hizo, kwa kufuata sauti yake, na hata mtoto wa chekechea akiliona tu anajua huyu si wa hapa. Binti yangu hakutaka. Alisema hapa Texas kila mwalimu mpya akilifikia jina lake alikuwa anakohoa kwanza, halafu analivunja, halafu anamwomba radhi mbele ya darasa zima. Havuki bahari akaanze tena kuandikwa pamoja na kahawa.

"Kahawa ina ubaya gani?" nikamwambia. "Umewahi kuona kahawa imebadili jina?"

Hakucheka. Akasema amejichagulia herufi mbili za Kijapani chenyewe, moja ya mwezi na moja ya jani, na mwalimu wake wa Kijapani pale Sugar Land, jirani na Houston, atamchongea muhuri wa mti. Kule muhuri ndio sahihi: benki, kazini, mkataba wa nyumba. Ukishachongwa jina gani, ndiye wewe.

"Na la bibi yako?"

"Mama," akasema, "hakuna mtu analitumia. Hata wewe hulitumii."

Nilimwambia naingia barabara kubwa, tutaongea. Nilikuwa bado nimeegesha. Nikafika nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi, nikafua mapazia, nikamgombeza mume wangu kwa kuacha viatu mlangoni, mahali ambapo viatu hukaa siku zote. Kilichoniuma ni kwamba mama mkwe wajukuu wake wengine wote ni wa kiume. Somo wake ni huyu mmoja tu. Kila nikimpigia, kabla hata ya kuuliza habari za mwanawe, anauliza, "Somo yangu hajambo?" Ningemwambia nini? Kwamba somo amekuwa mwezi na jani?

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaingia kwenye gari kwenda Houston. Mume wangu alikuwa na zamu ghalani Jumamosi, akanisindikiza kwa onyo: "Usiende kugombana na mama yangu." Alimaanisha binti. Ndivyo tunavyoongea kwetu.

Nilikuwa na mpango wangu. Nitalizoea jina njiani, nikifika namwita kwa jina lake, basi, hoja yake imekufa. Nilipopita Corsicana nikazima redio. Nikafungua mdomo. Mwanamke mzima, peke yangu garini, vioo vimefungwa, lori mbele lori nyuma, na bado nikatazama kwenye kioo kuona kama kuna mtu kiti cha nyuma. Halikutoka. Nikajaribu kwa kunong'ona, nikasikia jasho la kwapa. Nikasimama kituo cha mafuta na tenki limejaa. Nikanunua karanga nisizozila. Mbele kidogo nikasimama tena, nikazunguka gari, nikarudi ndani. Jamani, ulimi ni nyama tu, lakini umefunzwa.

Nilifika kwa binti yangu nikamkumbatia, nikamwita Bibi.

Asubuhi tukaenda kwa mwalimu wake. Ni mama wa Kijapani wa makamo, mfupi, mwenye haraka kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Mlangoni tukavua viatu, ndipo nilipogundua soksi yangu ina tundu kwenye kidole gumba. Nikakaa nimekikunja kidole. Mezani kulikuwa na chai ya kijani isiyo na sukari, brashi, wino, kisu kidogo cha kuchongea, na kipande kimoja cha mti, chembamba kama kipande cha chaki. Kimoja tu. Karibu yake karatasi yenye herufi mbili nzuri kweli, lazima niseme, za mwezi na jani.

Mwalimu akaniambia kwa Kiingereza kwamba kabla ya kumchongea mwanafunzi jina la kuchagua, huliandika kwanza lile la kuzaliwa, aende nalo hata kama ni mkobani. Ndio desturi yake. "Lakini mimi naandika ninachosikia," akasema. "Binti yako amenitajia jina lake kwa namna mbili tatu. Wewe ndiye uliyempa. Hebu liseme, nisikilize."

Akachukua brashi, akaiweka tayari.

Nikanyanyua kikombe cha chai. Nikakirudisha. Nikasikia kiyoyozi kinavyounguruma. Mwalimu akatabasamu, akidhani sikuelewa, akarudia taratibu. Binti yangu alikuwa anatazama meza.

"Usihangaike," akamwambia mwalimu wake. "Halisemi. Hajawahi. Nafikiri alijuta kunipa."

Ebo! Nilisikia joto linapanda kutoka shingoni. "Nani kakwambia nilijuta?"

"Sasa kwa nini husemi?"

"Ni jina la mkwe wangu!" nikafoka, kwa Kiswahili, nyumbani kwa watu.

Kwa mtu wa kwetu neno hilo lingetosha, angeniomba radhi kwa kuuliza. Mwanangu alinikodolea macho. "So?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa anajua. Miaka yote hiyo mimi nilidhani anaona. Mambo haya kwetu hakuna anayekukalisha chini kukufundisha. Unamwona mama yako anavyozunguka jina, nawe unazunguka. Nikamweleza, maneno yakigongana, kwamba jina lake ni zito mdomoni mwangu kwa sababu ya heshima, kwamba nisingempenda ningempa jina la kutajika ovyo kama la jirani. Alisikiliza. Machozi yakamlenga, akayafuta kwa hasira. Hilo amerithi kwangu.

"Mimi jina langu nimelisikia kwa Wamarekani tu," akasema. "Nilidhani ni baya."

"Hukuuliza!"

"Hukusema!"

Mwalimu alisimama akaenda kuongeza maji ya moto kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Nikatoa simu. Kule Shinyanga jua lilikuwa linaelekea kuzama, mama mkwe angekuwa uani anafungia kuku wake. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka simu mezani kati ya wino na chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti iko juu? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama." Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mjapani analitaka jina langu mimi?"

"Anataka nilitaje mimi, mama."

Akaacha kucheka. "Wewe?"

"Mimi. Na siwezi."

"Ndiyo, huwezi. Ningesikia umenitaja ningekususia mpaka kaburini." Kisha akauliza, "Somo yangu yupo hapo?"

"Yupo."

"Somo, unalitupa jina langu?"

Binti yangu aliinama karibu na simu. Kiswahili chake akiwa na wasiwasi huwa kinachechemea. "Si kutupa, bibi. Ni vile... hakuna mtu ananiita."

Kule upande wa pili kuku walikuwa wanagombana. Nikadhani mtandao umekatika, nikaanza kuita haloo, haloo.

"Nipo," akasema. "Mkwe, nisikilize vizuri. Jina lile nilishampa huyo mtoto siku aliyozaliwa. Litaje. Mimi sitaitika. Nikiitika, umenitukana. Nisipoitika, ujue hukuniita mimi."

Nikasimama. Nikaenda dirishani, nikaona uwanja wa nyasi na gari langu, nikarudi mezani na soksi yangu ya tundu, sikujali tena. Moyo ulikuwa unanipiga kama mtu anayetolewa damu kwa mara ya kwanza. Nikamtazama mwanangu usoni, nikalitaja. Lote, kwa sauti, kama linavyotamkwa kwao Shinyanga. Hapa siliandiki, ruhusa niliyopewa ilikuwa ya mdomo.

Nilisikia kuku. Nilisikia mlango wa banda ukifungwa. Nilisikia mama mkwe wangu akivuta pumzi, karibu kabisa na simu, na hakuitika.

"Abee, mama," akasema binti yangu.

Akaisogeza pembeni karatasi ya mwezi na jani. Mwalimu, ambaye hakuelewa hata neno moja, alichovya brashi akaomba nirudie tena, polepole, ili aandike. Nikalitaja tena, na binti yangu akaitika tena.