Wilondja, aliyekwenda Misisi kuomba msamaha

Mkono bado unataka kumpigia simu. Jumatatu tulikuwa naye kwenye mazoezi ya kwaya hapa Baraka, malaria ikamshika, na Ijumaa tukamzika yaya Wilondja, kaka yetu mkubwa na kiongozi wetu wa vijana kanisani.

Wengi mnaandika kwamba alikuwa mpole. Ndiyo, na mbishi pia! Mimi niliyefundisha kwaya naye miaka tisa najua.

Ngoja niwaambie habari ya Riziki. Yeye mwenyewe ameniruhusu.

Riziki aliimba sauti ya kwanza, akiwa na miaka kumi na sita. Alipopata mimba, komite ya wazee ilimsimamisha mbele ya kanisa lote, ikamtoa kwenye kwaya. Mama yake alikuwa benchi la pili, ameinamisha kichwa. Wilondja alikuwepo. Nami nilikuwepo. Tukanyamaza.

Riziki hakurudi tena. Wenzake wanne wa kwaya wakaacha kanisa kwa ajili yake.

Nilimwambia Wilondja kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, si kosa letu. Akanijibu taratibu:

“Mutoto akipotea sokoni, utauliza mutoto? Utauliza ule alikuwa anamushika mukono.”

Jibu lile liliniudhi wiki nzima.

Kisha tukasikia Riziki yuko Misisi, anapikia wachimbaji wa dhahabu. Wilondja akapanda pikipiki katikati ya mvua, barabara tope tupu. Alimkuta anasonga bugali, mtoto mgongoni. Riziki hata hakumsalimia. Alimwambia tu kwamba kanisani harudi.

“Sikukuja kukurudisha,” Wilondja akasema. “Nimekuya kukuomba musamaha. Siku ile mi nilinyamaza.”

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema maneno yaleyale mbele ya wote. Wazee wawili wakatoka nje. Alinyimwa kuhubiri miezi mitatu.

Hakulalamika. Aliendelea kwenda Misisi kumsalimia Riziki, na kuwatafuta wale wanne, mmoja mmoja. Wawili wamerudi. Riziki hakurudi, wala Wilondja hakumsukuma.

Ijumaa Riziki alikuja mazishini na mtoto wake. Nilimfuata nikamwambia kwamba hata mimi nilinyamaza siku ile, na kwamba nilikuwa mwalimu wake.

Alimshusha mtoto mgongoni.

“Mwalimu, umechelewa sana,” akasema. “Lakini umekuya.”

Akanipa mtoto nimbebe, akaenda kutupa udongo kaburini.

Jana komite iliniomba nishike kazi ya vijana. Nimekubali kwa sharti moja: hakuna mtoto atakayesimamishwa tena mbele ya watu aaibishwe. Hawakufurahi, lakini wamekubali. Wakigeuka, nitasimama mimi, na safari hii nitasema.

Yaya, wamebaki wawili. Mmoja yuko Uvira, mwingine Fizi. Jumamosi naanza na wa Fizi, na sitakwenda kumhubiria. Nitakwenda kumsikiliza, kama ulivyofanya wewe.

Lala salama, yaya wangu. Hao wawili niachie mimi.