Aliyesimama Nami Darasa la Saba

Darasa letu lilinuka nta ya sakafu na maganda ya machungwa. Asubuhi za baridi mtaani kwetu La Rochelle, nyasi za uwanja zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda, Mwalimu Khumalo aliwasha hita ndogo ya gesi kwenye kona na kutuacha tuote moto kwa zamu kabla ya kufungua vitabu. Lilikuwa darasa la saba, la mwisho kabla ya sekondari, na alipenda kutuambia kwamba huko tuendako tutafika tukiwa tayari watu wa aina fulani, kwa hiyo tuangalie tunakuwa watu gani. Sisi tuliosongamana mbele ya hita tulimsikia nusu nusu.

Mimi nilikuwa msichana asiye na sauti. Nyumbani nilizungumza Kiswahili cha Bukavu na mama, aliyekuwa fundi cherehani; barabarani nilisikia Kizulu, shuleni Kiingereza, na katika kuhama lugha kila siku nikawa nimezoea kunyamaza. Nabintu, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa kinyume changu. Wazazi wetu walitoka mji mmoja, lakini yeye alibishana na kila mtu kwa lugha yoyote iliyokuwa karibu, hata kama maneno hayakumtosha. Mama yake alisuka nywele katika saluni yake ndogo mtaa jirani wa Rosettenville, na wawili hao waliishi chumba cha juu yake, kiasi kwamba sweta ya shule ya Nabintu ilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele.

Kila Ijumaa mwalimu alimsimamisha mwanafunzi mmoja mbele aeleze jambo aliloliona wiki ile. Zamu yangu ilipofika, nilisimama mbele nikitazama viatu vyangu. Wa nyuma wakaanza kucheka. Nabintu hakuomba ruhusa, alitoka kwenye dawati, akaja kusimama bega kwa bega nami, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Ongea na mimi tu. Hao wengine wanatusikiliza bure." Basi nikamwelezea yeye habari za paka aliyezalia ndani ya kapu la vitambaa vya mama, na jinsi mama alivyokataa kumhamisha hata wateja walipolalamika. Nilipomaliza, darasa zima lilitaka kujua watoto wa paka walikuwa wangapi. Tangu siku hiyo nilianza kunyoosha mkono.

Mwisho wa baridi ile, ghasia zilifika mitaani kwetu. Watu waliteremka barabara wakivunja milango ya wageni. Walivunja vioo vya saluni, wakabeba vikausha nywele, na mama yake Nabintu alisukumwa akavunjika mkono. Nabintu hakuonekana shuleni wiki nzima. Aliporudi alikaa, akafungua kitabu. Ndipo Lwazi, mvulana aliyekaa nyuma yetu, akasema kwa sauti, "Baba yangu anasema mrudi kwenu."

Mwalimu Khumalo aliweka chaki chini. Hakufoka. Alimuuliza Nabintu kama angependa kujibu.

"Kwetu ni pale juu ya saluni," Nabintu alisema akiwa amesimama. "Ndipo ninapotoka kila asubuhi. Sasa mlango umevunjika, tunauegemezea meza."

"Eish," Lwazi alisema polepole, akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Jumapili moja baada ya ibada, mama yake Nabintu alikuja jikoni kwetu, mkono ukiwa kwenye plasta, kutuaga. Mama yangu alimsihi amwache mtoto amalize mwaka. "Mama Furaha," alijibu, "hapa kila mlango ukigongwa moyo unaniruka. Kama ni kulia, acha nikalilie kwetu."

Nabintu alikuja shuleni mara ya mwisho akiwa na nguo za nyumbani. Alikuwa amechaguliwa kutoa hotuba ya kuwaaga walimu siku ya mahafali. Mwalimu alimkumbatia muda mrefu, kisha Nabintu akanigeukia. "Hotuba utasema wewe," aliniambia, kana kwamba jambo limeshaamuliwa.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa wazazi. Nilipanda jukwaani, nikatafuta sauti, nikaikosa. Mama alinitazama kutoka safu ya mbele, mikono mapajani. Watu wakaanza kukohoa. Mara nikasikia viatu vikipanda ngazi. Alikuwa Lwazi. Alisimama kando yangu, macho sakafuni, masikio yamemwiva kwa haya. Nikaanza kusema, na jina la kwanza nililolitaja lilikuwa la Nabintu.

Leo mimi ni mkalimani hospitalini. Nawasemea wagonjwa wasioelewana na madaktari, na watu huisifu sekondari niliyosoma. Lakini walimu wa sekondari walinikuta tayari nasema. Kule Bukavu Nabintu hakurudi tena darasani. Mkono wa mama yake haukupona vizuri, ikabidi yeye asuke nywele badala yake, kisha akaolewa angali mdogo. Alifariki akijifungua mtoto wa pili. Habari hiyo niliipata kwa simu ya mwanamke wa kanisani, nikiwa nasonga ugali, na nakumbuka niliendelea kuusonga mpaka ukaungua.

Binti yangu anaingia darasa la nane, la kwanza la sekondari, mwaka huu. Kiswahili anakisikia, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Juzi, akijaribu sare mpya mbele ya kioo, aliniuliza nani alinifundisha kutoogopa watu. Nikamtajia jina. Alilirudia kwa shida, kama jina la nchi ya mbali, kisha akauliza yuko wapi sasa. Nilimwambia Nabintu aliishia darasa la saba. Akageuka kunitazama, akisubiri sehemu iliyobaki, amevaa sketi ya shule ambayo rafiki yangu hakuwahi kuivaa.